Kujaribu dawa tatu za Tuta absoluta kwenye nyanya: nigawe vipi shamba?

Nyanya_Ruai
Wadau, salamu. Nina robo eka ya nyanya hapa Ruai, nje ya kivungulio, na Tuta (nondo ambaye viwavi wake huchimba majani) imeshaingia. Madukani naonyeshwa emamektini, abamektini na klorantraniliproli, kila muuzaji anasifu yake. Nataka kuzijaribu kwanza kabla ya kununua ya shamba zima. Nipange vipi, na nihesabu nini?

Daktari_wa_Mimea
Badilisha abamektini kwanza. Hiyo na emamektini ni kundi moja la utendaji (huua wadudu kwa njia ileile), namba 6, kwa hiyo unalipia jibu lilelile mara mbili. Weka spinosadi, kundi la 5. Namba ya usajili ya PCPB (bodi ya Kenya ya kudhibiti dawa za wadudu) iwe kwenye lebo, isipokuwepo, rudisha.

Dawa tatu na maji matupu, kila moja mara nne: vipande 16 vya mita 3 kwa 3, ukiacha mita moja katikati. Nondo huingilia pembeni, basi panga safu nne sambamba na upande unaoshambuliwa. Kila safu iwe na zote nne, nafasi zipigiwe kura. Ukiweka maji yote upande ulioliwa zaidi, dawa yoyote itaonekana shujaa.

Hesabu viwavi walio hai, si michirizi wanayochimba ndani ya jani. Jani likishachimbwa halirudi, hata kiwavi akifa. Katika kila kipande chukua mimea mitano ya mistari ya katikati, majani matatu kila mmoja (juu, kati, chini), yainue kwenye mwanga, fungua mchirizi, mguse kiwavi kwa sindano. Fanya hivyo siku moja kabla ya kupuliza, kisha siku ya 3 na ya 7. Siku ya kwanza usihukumu: klorantraniliproli humzuia kiwavi kula mapema, lakini kufa huchukua siku kadhaa.

Mama_Shamba
Mpendwa, vipimo ndivyo huharibu majaribio mengi. Vipande vinne vya dawa moja ni mita za mraba 36. Kwa lita 500 kwa hekta unahitaji lita 1.8, changanya 2. Lebo ikisema mililita 3 kwa lita 20, kwa lita 2 hiyo ni mililita 0.3: tumia bomba la sindano, si kifuniko. Anza na vipande vya maji, suuza pampu kila unapobadilisha dawa. Puliza jioni, upepo ukitulia na nyuki wakiwa wamerudi.

Nyanya_Ruai
Asanteni sana. Na kama vipande havikuanza na viwavi sawa?

Daktari_wa_Mimea
Tumia hesabu ya Henderson na Tilton, inayolinganisha viwavi wa kabla na baada, penye dawa na penye maji. Mfano: penye dawa walikuwa 40, wakabaki 6; penye maji 38, wakafika 57. Zidisha 6 kwa 38, gawa kwa 40 mara 57: unapata 0.1, yaani dawa imefanya kazi asilimia 90. Ukiangalia penye dawa peke yake ungesema 85.

Mama_Shamba
Siku ya 7 ukishahesabu, vipande vya maji navyo vipulizie dawa iliyoshinda, la sivyo nondo wake watasambaa shamba zima. Na usichume mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe, kila dawa na zake.