Mjadala: Kimya cha Haruni kilikuwa imani?

MsomajiTanga: Wakuu, Walawi 10. Nadabu na Abihu, wana wa Haruni, wanateketea mbele za Mungu. Musa anamwambia kaka yake kwamba Mungu hutakaswa kwa walio karibu naye, na Haruni ananyamaza. Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi wa Maandiko, anasema kimya kile kilipata thawabu. Mimi moyo unagoma. Utakatifu unatokaje kwenye msiba?

MtumishiJ: Huo ndio ukomavu. Siku hizi watu wanagaragara msibani kama wasio na Mungu.

MamaWawili: Nilizika mwanangu mwaka juzi, nikagaragara. Mimi sina Mungu? Nijibu hilo.

MtumishiJ: Dada, sijakutaja. Naongelea kanuni.

MamaWawili: Kanuni gani? Daudi alimlilia Absalomu mpaka jeshi likaingia mjini kwa kunyemelea. Na Wayahudi wenyewe, tarehe 9 ya mwezi wa Av wa kalenda yao, wanafunga, wanakaa chini na kusoma Maombolezo.

Kibao: Si ya hekalu lililobomolewa na Babeli hiyo?

MsomajiTanga: Yote mawili, mkuu. La pili ni Warumi, mwaka 70. Na huko ndiko nilikuwa nawapeleka. Rabi Yoshua, wa wakati huo, alililia magofu ya hekalu, maana mahali pa kufidia dhambi pamekwisha. Mwalimu wake, Yohanan ben Zakkai, akamwambia kuna upatanisho mwingine ulio sawa na ule, matendo ya fadhili. Akamsomea Hosea: "nataka fadhili wala si sadaka." Hakuutafuta utakatifu kwenye moto, aliutafuta kwa waliobaki hai.

MtumishiJ: Umeona? Alimwambia asihuzunike!

ShangaziPangani: Hayo ni ya magofu, mwanangu. Yohanan mwenyewe alipofiwa na mwanawe, wanafunzi wake walikuja kumhani. Mmoja akamtajia Adamu, mwingine Ayubu, wa tatu huyohuyo Haruni, wa nne Daudi. Yohanan akamjibu kila mmoja: uchungu wangu haunitoshi, hata unikumbushe wa wengine?

MtumishiJ: Wa tano alimfariji lakini. Alimwambia mtoto ni amana, imerudi kwa mwenyewe.

ShangaziPangani: Alimfariji, kweli. Ila wewe umeruka wanne. Na kwa sheria yao, anayekwenda kuhani hafungui mdomo kabla ya mfiwa. Ayubu 2 ndiyo asili yake, siku saba marafiki wamekaa naye chini, hakuna aliyesema neno. Wanaodaiwa kimya ni wageni, si mfiwa.

MtumishiJ: Basi turudi kwenye mada, utakatifu.

MamaWawili: Bado hujanijibu.