Simba wa Barye: nimuuzie dalali au nipeleke mnadani?
Wakuu naombeni ushauri. Niko Lyon, Ufaransa, mzee niliyekuwa namfanyia usafi amehama akaniachia kisanamu cha bronzi, simba kamkanyaga nyoka, kucha zote zimetoka. Chini kimeandikwa BARYE halafu F. BARBEDIENNE FONDEUR (yaani mmwaga bronzi). Nimecheki, Barye (1795-1875) ndo yule mchongaji wa Paris aliyekuwa anashinda Jardin des Plantes, ile bustani yenye wanyama, akichora wanyama, 1848 akafilisika mpaka kalibu zake zikachukuliwa, dah. Barbedienne alinunua kalibu 1876, Barye mwenyewe kashafariki, kwa hiyo hiki changu nadhani kimemwagwa baadaye. Sasa kuna dalali anataka nimuuzie chapchap, eti kwanza nikisugue king'ae, mi naona hiyo rangi ya kahawia ndo utamu wenyewe. Nimuuzie au niende mnadani? Na mnadani wanakata kiasi gani?