Msaada: nataka kutengeneza mikisa ya zege, nichomelee boksi au pipa?

CheChe_Makambako

Wakuu habari za jioni, wazee wa humu shikamooni.

Nina karakana ya kuchomelea hapa Makambako. Kazi zangu ni mageti, madirisha na matela ya pawatila. Juzi kaja mteja wangu anayefyatua tofali na kumwaga misingi, anataka nimtengenezee mikisa yake mwenyewe, maana ya kukodi inammaliza na mpya haigusiki. Mota anayo tayari. Kwake yeye kazi ni ndogo: "chukua pipa la mafuta, kata mdomo, weka vyuma ndani, basi".

Sasa katika kuperuzi nikakutana na picha ya mikisa ya zamani kabisa ya Marekani, na si pipa. Ni boksi! Limekaa kama kreti kubwa la chuma, ekseli imeingilia kona moja na kutokea kona ya mbali, kwa hiyo linazunguka likiwa limesimama kwa kona. Nikasema hee, kama boksi linachanganya zege, mimi nalichomelea nusu siku. Koni, yaani lile tumbo linalopungua kuelekea mdomoni, ndiyo inanitesa, sina rola ya kukunjia bati nene.

Kwa nini waliacha boksi? Na kwa nini mikisa za siku hizi zina tumbo halafu mdomo mwembamba, ni urembo au kuna sababu? Nijibiwe na anayejua, anayebahatisha apite tu.

KokotoNusu

Mkuu mpe machepe matatu na vibarua wanne, hiyo ni mikisa tayari na haili umeme. Zege halilali, ingawa kwa baridi yenu ya Julai kibarua analala.

MzeeWaPuli

Marahaba kijana wangu. Nimestaafu, nipo Ipogolo hapa Iringa. Ujana wangu umeishia kwenye mitambo ya makandarasi kati ya hapa na Tunduma, na mikisa nimefungua nyingi kuliko magari. Huyo wa machepe mwache acheke, swali lako lina kichwa.

Kwanza, lile boksi lilichanganya vizuri sana. Ekseli ikipita kona kwa kona, hakuna ukuta unaolala sawa hata mmoja. Ukuta unaopanda unabeba mzigo kwa mshazari, ukifika juu unaumwagia ukuta mwingine uliokaa mshazari wa upande wa pili. Zege linajikunja kwenda na kurudi bila pezi lolote ndani, yaani vile vyuma vya kuinulia mzigo. Wamarekani walipojenga malango ya meli ya Gatun kwenye Mfereji wa Panama, zege walilolianza 1909, mikisa zao pale zilikuwa za boksi, kila moja ikimeza yadi mbili za ujazo kwa mkupuo, yaani kama lita 1,500. Kama boksi lingekuwa takataka wasingeliamini na kazi ile.

Kilicholitesa ni mlango. Yale ya mwanzo yalikuwa na mlango ubavuni. Unasimamisha mashine mlango ukiwa juu, unapakia, unafunga, unazungusha, unasimamisha tena mlango uangalie chini, unafungua, mzigo wote unaporomoka kwa mara moja. Wewe ni mtu wa mageti, hebu niambie: mlango wa bati ambao ukingo wake unapakwa zege mchana kutwa utafunga sawasawa muda gani? Utaanza kuvuja maji, na maji yakivuja yanaondoka na saruji. Na kila kusimamisha ni muda unapotea, kwa injini ya mvuke tena.

Basi wakaanza kulirekebisha. Wakaviringisha kona na kingo, maana ndani ya kona kali saruji inaganda. Wakafungua tundu kwenye mstari wa ekseli ili upakie huku na umwagie kule, boksi likiinamishwa huku linazunguka. Sasa boksi lililoviringwa kona, lina mdomo, linainama... si ndiyo unaenda kwenye hiyo koni inayokutesa?

Wengine walipita njia zao. Ernest Ransome, Mwingereza aliyehamia San Francisco, ndiye yule mwenye hataza ya nondo za kusokotwa ya 1884, mikisa iliyobeba jina lake ni pipa lililolala juu ya roli, wazi pande zote mbili. Ndani kuna mapezi ya kuinua mzigo na kuudondosha. Haliinami kabisa. Wakati wa kumwaga unasukuma mfereji wa bati uingie ndani ya pipa, mapezi yakifika juu yanadondoshea humo badala ya chini, zege linateleza nje. Akili sana hiyo. Nimeshika moja ya mtindo huo, kubwa, na ile sauti ya kokoto zikianza kugonga mfereji ilikuwa inatuambia wa toroli tusogee.

Halafu kuna T. L. Smith wa Milwaukee. Yake ni koni mbili zimeunganishwa matumbo, midomo huku na huku. Koni inaurudisha mzigo katikati wenyewe, na ukitaka kumwaga unainamisha lote likiendelea kuzunguka. Hakuna mlango, hakuna mfereji. Chukua hiyo, kata nusu, ziba kitako: ndiyo mikisa ya mdomo mmoja unayoiona leo kila saiti kuanzia Mafinga hadi Kyela.

Kwa hiyo tumbo si urembo. Kuchanganya hakukuwasumbua sana wale watu, hata ukiviringisha karai lenye mfuniko litachanganya. Kilichowapasua vichwa ni kuingiza mzigo na kuutoa. Na hapa ndipo nataka umkatalie mteja wako hilo pipa la mafuta. Pipa lililonyooka ukiliinamisha halimwagi lote. Zege gumu linabaki kwenye pembe ya kitako, linashikilia nyuma ya pezi. Kibarua anafanya nini? Anaongeza maji, liwe uji, liteleze. Umeshaona hilo, usikatae. Mtafiti wa zege Duff Abrams alishaonyesha kule Chicago mwaka 1918 kwamba kwa saruji ileile, nguvu ya zege inafuata uwiano wa maji na saruji: maji yakizidi, nguvu inashuka. Kwa hiyo mashine isiyomwaga vizuri inaharibu zege kwa mkono wa binadamu, halafu lawama zinaenda kwa saruji ya Songwe.

Bati la pipa la mafuta nalo ni kama milimita moja. Kokoto zitalitoboa kabla mteja hajarudisha hela yake.

CheChe_Makambako

Mzee shikamoo tena. Sasa nimeelewa kwa nini watu wanapiga pipa nyundo kila jioni.

Lakini bado nabanwa na koni. Halafu mota ni ya mizunguko 1440, niipunguzeje?

Dada_wa_Saiti

Mzee shikamoo. Mimi nasimamia saiti huku Mbeya, upande wa Uyole, na nitakupinga kidogo. Zege bovu ninalolikuta mimi, kosa mara nyingi liko kwa anayepakia. Mashine nzima ipo, mpya, inamwaga vizuri, lakini mchanga unaingia kwa chepe. Chepe la asubuhi limejaa, chepe la saa nane mchana limechoka. Nikileta boksi la kupimia wanalipeleka kukalia. Kijana asije kudhani akipata umbo zuri amemaliza.

Na wewe CheChe, kabla hujakata bati muulize mteja anataka mfuko mmoja kwa mkupuo au nusu mfuko. Watu wanatengeneza mikisa ya mfuko "na robo tatu", halafu ile robo inayobaki kwenye mfuko anaikadiria kila mtu kwa macho yake.

MzeeWaPuli

Marahaba binti. Hapo hunipingi, unaniongezea. Kulikuwa na mikisa za mfululizo, hori refu lenye ekseli ya makasia katikati: huku vibarua wanamimina mchanga, kokoto na saruji bila kukoma, kule zege linatoka bila kukoma. Nyingine hazikuwa na injini kabisa, mfereji tu umesimamishwa una vyuma vimekingama ndani, mzigo unashuka kwa uzito wake na kuchanganyikana njiani. Rahisi, nyepesi, lakini uwiano wake ulikuwa mikononi mwa wenye machepe, kila dakika na chepe lake. Wahandisi wengi wakarudi kwenye mikisa za mkupuo kwa sababu hiyo: mkupuo unapimika, ukishaujua mmoja unaijua siku nzima.

Na neno lako la mfuko mmoja ni la kushika. Zile za Kiingereza tulizokuwa nazo ziliandikwa ubavuni 5/3½, 7/5, 10/7. Tarakimu ya kwanza ni futi za ujazo za malighafi kavu, ya pili ni zege linalotoka, maana mchanga na saruji vinajificha kati ya kokoto. Sasa piga hesabu. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35. Kwa moja kwa mbili kwa nne: saruji 35, mchanga 70, kokoto 140, jumla lita 245. Futi kumi ni kama lita 283. Ndiyo maana 10/7 ilipendwa: mfuko unachana, unaingia wote, hakuna wa kukadiria robo.

CheChe, mota yako. Pipa la kipenyo cha sentimita 80 likivuka mizunguko kama 45 kwa dakika, mzigo unaganda ukutani na kuzunguka nao, hauanguki, hauchanganyiki. Kaa kwenye 24 hivi. 1440 gawa kwa 60. Puli na mkanda vikupunguzie mara tano, halafu pinioni, ile gia ndogo, kwenye ringi ya meno iliyozunguka tumbo ikupunguzie mara kumi na mbili. Usijaribu kufanya yote kwa puli, utapata puli kubwa kuliko pipa. Mkanda uache, usiweke cheni pale juu. Siku jiwe likikwama mkanda utateleza, cheni itakata kitu.

Koni bila rola: nani kakwambia lazima iwe duara? Kata bati bapa za milimita nne, nane kwa tumbo na nane zilizochongwa kupungua kwa mdomo, unga ubavu kwa ubavu. Kona za pande nane zimefunguka, si kali kama za boksi, zege halipati pa kujibanza. Kitako nacho kipe mteremko kidogo. Mapezi weka mawili tu, yapinde yasukume mzigo kuelekea kitakoni likizunguka, na usiyachomelee yakashikana na kitako. Acha nafasi ya vidole viwili. Hiyo nafasi ndiyo itakayokuokoa, kila mashine niliyokuta imeganda, ilianzia nyuma ya pezi pale chini, jiwe gumu lina umbo la kisigino. Na jioni mwambie mteja atie kokoto na maji, izunguke hadi maji yatoke meupe. Nyundo aipeleke kwingine, ukishabonyeza bati umetengeneza kishimo cha kugandisha kesho.

KokotoNusu

Nimekuja kutania nimebaki kusoma. Mzee, na yale malori yanayozunguka na tumbo barabarani, nayo ni ukoo huo huo?

MzeeWaPuli

Ukoo huo huo, yamechelewa tu. Stephen Stepanian wa Columbus, Ohio, aliomba hataza ya lori la kuchanganyia njiani mwaka 1916. Wakamkatalia, wakaona lori haliwezi kubeba mzigo huo na mashine juu yake. Akaja kupewa ya kwake 1928. Zege la kuletwa tayari lilikuwepo kabla, Baltimore walilipeleka saiti 1913, lakini lilichanganywa kituoni kwanza. Lile tumbo la lori linamwaga kwa kugeuza mzunguko: mapezi ya ndani yamekaa kama skrubu, ukizungusha huku yanasukuma ndani, ukigeuza yanatoa nje. Hata kuinama haliinami.

CheChe_Makambako

Mzee hiyo ya kugeuza mzunguko siwezi kuifanya kwenye yangu? Niepuke fremu ya kuinamisha?

MzeeWaPuli

Unaweza, mashine za namna hiyo zipo. Lakini mapezi ya skrubu ni kazi ya kukunja bati, na wewe umeniambia huna rola. Inamisha. Weka usukani mkubwa pembeni wa kuinamishia na kitu cha kuufunga kwa meno, mtu mmoja aweze kuumiliki pipa likiwa limejaa. Halafu niambie mota ya mteja ni fezi moja au tatu, na pale anapofyatulia kuna umeme wa fezi ngapi.

Dada_wa_Saiti

Na gadi juu ya ile pinioni, CheChe. Huku kuna kijana aliacha kidole kwenye ringi isiyo na kifuniko.

CheChe_Makambako

Nimekusikia dada, gadi naanza nayo. Mota ni fezi tatu, nimempigia sasa hivi, na kwake umeme ni fezi moja. Anasema alikuwa hajui kama kuna tofauti.

MzeeWaPuli

Basi umeme wake hautaiendesha hiyo mota hivihivi, mwambie aiuze atafute injini ya dizeli ndogo. Akikuletea, soma mizunguko yake kwenye kibati kabla hujagusa puli, hesabu yote tunaianza upya.