Picha za 9x13 kwenda fremu ya 20x30: skana, simu au studio?

Mwanaalbamu: Wadau, kuna picha kama 40 za miaka ya 1970 na 1980, nyingi sm 9 kwa 13. Baadhi karatasi yake ina vipelevipele, na moja imegandana na kioo cha fremu. Zinatakiwa zikuzwe hadi sm 20 kwa 30. Nianzie wapi?

Nukta600: Kwa zile laini, skana ya mezani, sina ubishi. Weka dpi 600 (nukta kwa kila inchi): unapata pikseli 2126 kwa 3071, na zikitandazwa kwenye sm 30 zinabaki 260 kwa inchi. Inatosha kabisa. Ile dpi 4800 iliyoandikwa kwenye boksi la skana isikubabaishe, utajaza diski kwa chembe za karatasi tu. Picha ndogo za pasipoti ndizo za kupandisha hadi 1200. Skani kwa rangi hata zile nyeusi na nyeupe, hifadhi TIFF ya biti 48 (faili isiyobanwa kama JPEG, yenye rangi nyingi zaidi). Zilizogeuka wekundu zinarekebishika humo. Kwenye JPEG zinaishia kuwa na madoa.

Mkono wa Pamba: Naongezea kwa Nukta600. Skana nyembamba za waya wa USB mtupu, kama Canon LiDE au Epson V39, huona vizuri kile tu kinachogusa kioo, kona iliyojikunja inatoka na ukungu. Skana nene kama Epson V600 huvumilia mkunjo. Vumbi ni pampu ya hewa na brashi laini. Kitambaa kibichi marufuku.

Dirishani: Za vipele ndipo skana inapochemsha. Mwanga wake unapiga kwa pembe moja, kila kipele kinang'aa kama punje ya chumvi. Hapo simu inashinda: laza picha mezani, taa mbili za aina moja kushoto na kulia kwa nyuzi 45, flashi imezimwa, simu sambamba na meza. Inua simu juu kidogo na utumie lenzi ya 2x (inayovuta mara mbili), maana lenzi pana ikikaribia sana inapinda kingo. Ukibaki na skana, skani mara mbili, ya pili picha ikiwa imegeuzwa nyuzi 180. Kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha) inyooshe, ipandishe juu ya ile ya kwanza, uipe uwazi wa asilimia 50. Vipele vinapungua sana.

Iliyoganda usiibandue! Gelatini, lile tabaka la juu lenye picha, ikishika kioo, sura ya mtu inabaki kwenye kioo. Futa kioo kwa nje, uiskani humohumo.

Mwanaalbamu: Ahsanteni. Na studio je?

Fundi Fremu: Studio wapelekee faili kwenye flashi ya USB, wao wachape tu. Ukilazimika kutumia WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo inabanwa na kazi yote ya 600 imepotea. Uwiano wa 9x13 haulingani sawasawa na wa fremu, kwa hiyo lazima kukatwa kidogo: kwa 20x30 unapoteza milimita 8 tu za upana. Fremu ya 20x25 ni balaa: inakula karibu sm 4 za urefu, na wakikata bila kukuuliza wanaondoka na kofia ya babu. Mdomo wa fremu nao unafunika kama milimita 5 kila upande. Kati ya picha na kioo weka kadi yenye dirisha. Kwa unyevu wa Pwani, picha ikigusa kioo itaganda kama ile.