"Inaingia kamera zote" ni uongo, na wauza flashi wa hapa mjini mnajua

Wadau, hasira hii nimekaa nayo wiki nzima, leo naimwaga hapa. Mwenye duka akipita asome pia, maana wengi wao wamo humu wakitafuta wateja.

Kwenye maduka mengi ya vifaa vya kamera katikati ya Nairobi, flashi (ile taa ya mmweko ya kamera) huruhusiwi kuijaribu kabla ya kulipa, na ukishalipa huruhusiwi kuirudisha. Kabla ya kulipa unaambiwa kibandiko cha boksi kikichanwa umenunua. Ukishalipa unaonyeshwa karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudi. Sasa mteja atajua saa ngapi kama kitu kinafanya kazi? Wamempangia asijue mpaka pesa iwe imeshaingia.

Yangu ilikuwa hivi. Ijumaa jioni niliingia duka moja ghorofani, sitalitaja. Nikamwambia muuzaji ninahitaji flashi ya kuchomeka juu ya kamera, kesho nina kazi ya ruracio, sherehe ya mahari, mtaa wa Utawala, na kamera yangu ni Canon 250D. Sikusema Canon tu, nilisema 250D. Akashusha boksi.

"Bosi, hii inaingia kamera zote. Canon, Nikon, wewe chomeka tu."

Nikarudia: 250D. Akajibu bila hata kugeuza boksi asome, "Watu wa 250D tunawauzia hii kila siku." Nikaomba tuifungue niione ikiwaka. Akakataa, kibandiko. Nikalipa kwa M-Pesa, zaidi ya elfu nane.

Usiku huohuo nyumbani nikaijaribu. Ukiishika mkononi ukabonyeza kitufe chake cha majaribio, inawaka, chumba kizima kinakuwa cheupe. Ukiichomeka juu ya kamera na kupiga picha, kimya. Nikabadilisha betri, nikapangusa pini, nikairudisha kamera kwenye mipangilio ya kiwandani. Kimya. Duka limefungwa na maharusi wananisubiri asubuhi. Ikabidi nikodishe flashi ya mwenzangu, yaani siku moja nikalipia flashi mara mbili.

Jumatatu nikarudi na kila kitu: boksi, kamera, ujumbe wa M-Pesa. Hawakuigusa. "Mkubwa, kamera yako ndiyo mbovu, peleka kwa fundi." Yule yule aliyeniambia huwauzia watu wa 250D kila siku! Wakanipa hadi namba ya fundi.

Namshukuru Mungu huyo fundi ni mtu mwaminifu, kwa sababu angeweza kunifungulia kamera, akanitoza, na kunirudishia vilevile. Alitoa kioo cha kukuzia, akachukua Canon kuukuu iliyokuwa mezani kwake, akaiweka kando ya yangu, akaniambia nihesabu pini pale juu flashi inapochomekwa. Ile kuukuu ina pini kubwa moja katikati, na ndogo nne nyuma yake. Yangu ina zile ndogo nne tu. Pale katikati hakuna chuma chochote, ni plastiki nyeusi tupu.

Hiyo pini kubwa ya katikati ndiyo kamera nyingi hutumia kuiambia flashi "waka sasa". Zile ndogo ni za mazungumzo ya ndani kati ya Canon na flashi zilizotengenezwa kuelewana nayo. Flashi za kawaida za bei nafuu, zile ambazo nguvu yake unaipanga wewe mwenyewe, hutegemea pini ya katikati peke yake. Canon iliiondoa kwenye 4000D ya mwaka 2018 na kwenye 250D ya mwaka 2019. Kwa hiyo kamera yangu si mbovu, na flashi si mbovu. Haziwezi kufanya kazi pamoja zikiwa zimechomekwa, hata ungeleta fundi kutoka Japani.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Hili jambo si siri, ni la miaka. Kamera ya 250D inauzwa hapahapa mjini, pengine kwenye kabati lilelile la kioo na hizo flashi. Muuzaji anayewauzia "watu wa 250D kila siku" lazima amewaona wakirudi nazo. Amewaona, akawatuma kwa fundi, kisha akamuuzia mwingine. Huo ni wizi uliovaa tabasamu.

Fundi alinionyesha namna ya kuitumia kidogo. Ina hali ya kuwashwa na mwanga wa flashi nyingine, ile inayoandikwa S2. Unaiweka pembeni, unainua flashi ndogo ya kamera, hiyo ikiwaka nayo inafuata. S1 haifai hapo kwa sababu kamera hutoa mmweko wa kupimia kabla ya mmweko wenyewe, na S1 hudanganyika na ule wa kwanza. Ndani ya nyumba inakubali. Nje, juani, jicho lake halioni vizuri na mara inakataa. Wenye kamera kama yangu mliokwishauziwa, jaribuni hilo kabla hamjaitupa. Lakini mimi sikununua flashi ya kuweka pembeni. Nilisema ya kuchomeka, na nilieleweka.

Si mimi peke yangu. Mwenzangu mmoja wa kupiga picha za mahafali aliuziwa flashi akiambiwa ni "otomatiki". Alipoisoma nyumbani, haina TTL. Kwa wageni wa kazi hii: TTL ni pale flashi inapotoa mmweko mdogo wa kwanza, kamera ikaupima kupitia lenzi, kisha ikaamua yenyewe nguvu ya mmweko wa pili. Mahafali yanataka hivyo. Watu wanakujia mmoja mita moja, mwingine mita nne, na huna muda wa kupanga nguvu kila mara, kwa sababu umbali ukiongezeka mara mbili mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Kwa flashi ya kupanga kwa mkono, wa mbele anatoka mweupe kama chaki na wa nyuma hatambuliki. Flashi ya mkono ni kitu kizuri sana kwa mtu anayepiga picha za bidhaa mezani, ambako hakuna kinachosogea. Lakini muulize mteja anapiga nini! Sekunde kumi tu.

Na hizi herufi za mwisho wa jina, wanazifunika kwa kidole. Kwa flashi za kampuni ya Godox, kwa mfano, TT685C ni ya Canon, N ni ya Nikon, S ni ya Sony, F ni ya Fujifilm, O ni ya Olympus na Panasonic. Sony yenyewe ilibadilisha umbo la pale juu mwaka 2012, kwa hiyo hata ndani ya Sony flashi ya zamani haikai kwenye kamera mpya bila adapta. Canon R50 nayo ina mdomo wa aina mpya, flashi za zamani za Canon zinataka adapta ya AD-E1. Halafu mtu mzima anasimama nyuma ya kaunta kukuambia "inaingia kamera zote".

Kuna na ile namba kubwa ya nguvu ya flashi wanayoipigia debe, GN60. Nimemsikia muuzaji akimwambia kijana, "Hii inapiga mita sitini." Hapana! Namba hiyo unaigawanya kwa f ya lenzi (namba ya tundu lake) upate umbali kwa mita, tena kwa ISO 100 (unyeti wa kamera kwa mwanga), tena kichwa cha flashi kikiwa kimevutwa hadi 200mm, pale mwanga wote unapobanwa kwenye mstari mwembamba. Kwa f/5.6 hizo ni kama mita 10.7, si sitini. Na nani anapiga picha ya ukoo mzima kwa 200mm? Ukifungua hadi 35mm ili watu wote waingie, flashi ya daraja hilo hushuka hadi takriban 36, yaani mita sita na kitu. Ukiugeuza mwanga ugonge dari la hema kwanza, toa tena. Hema likiwa jeupe unapata mwanga laini, sura zinatulia vizuri. Likiwa la kijani au zambarau, bibi harusi anatoka na rangi hiyo usoni, na gauni lake jeupe ndilo litakalokushtaki wa kwanza. Haya yote muuzaji mwenye nia njema angeyasema akiwa anafunga boksi.

Betri walizonifungia kama zawadi hata sizungumzii. Kwa flashi nunua za kuchaji, NiMH, ambazo hutoa umeme haraka na kukupunguzia kungoja kati ya mmweko na mmweko.

Najua kuna watakaokuja kuandika, "Ungetafuta kwenye mtandao kwanza." Nawajibu mapema. Niliuliza anayeuza, nikamtajia kamera kwa jina kamili mara mbili, akanijibu kwa uhakika. Anayeuza dawa hamwambii mgonjwa angejisomea. Hawa wanachukua faida juu ya bei kwa sababu wanadai wanajua bidhaa zao, la sivyo sote tungeagiza wenyewe. Na vijana wengi wanaoanza kazi hii hapa Nairobi wananunua flashi yao ya kwanza kwa pesa ya mkopo au ya mama. Huyo akitumwa kwa fundi mwenye tamaa, anaacha na kamera huko.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Flashi ifunguliwe kwenye kaunta, ichomekwe kwenye kamera ya mteja, ipige picha tatu. Ya kwanza kuona kama inawaka ikiwa imechomekwa. Ya pili kwenye TTL, ukisogea karibu na mbali, uone kama inabadilika. Ya tatu kwa shata ya kasi zaidi, kama 1/500, kwa sababu kamera nyingi zikipita 1/200 au 1/250 bila hali ya kasi ya juu zinaacha mstari mweusi kwenye picha, na hapo utajua kama flashi unayouziwa ina hiyo hali kweli au ni maneno. Dakika tano hazifiki. Duka likikataa, toka, hata kama bei yao ni ya chini. Na kama hukubeba kamera, usilipe siku hiyo.

Kuhusu ile karatasi ya ukutani: haishindi sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike nayo kikamilifu, na haki ya kufidiwa akipata hasara kutokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Habari, jamani, imo ndani ya Katiba. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo inasema ukimweleza muuzaji kitu unakitaka kwa kazi gani na ukategemea ujuzi wake, anabanwa, ingawa kuna nafasi ya kujitetea pale mnunuzi mwenyewe anapotaja jina la bidhaa anayoitaka. Mimi sikutaja flashi yoyote. Nilitaja kamera na kazi, flashi aliichagua yeye.

Nimewaandikia ujumbe, wameusoma, hawajajibu. Nawapa mpaka Ijumaa. Baada ya hapo naenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60. Nitadai bei ya flashi na pesa niliyokodishia ile nyingine.

Wenye uzoefu nisaidieni kwa hili: risiti ya ETR, ile ya mashine ya kodi, sikupewa, walisema mashine haina mtandao. Nina ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya till, boksi, na ile namba ya fundi waliyoniandikia kwa mkono nyuma ya kadi ya duka. Kuna aliyewahi kufungua dai pale kwa ushahidi kama huo, ukakubaliwa?