Mtwara: bosi kanikatalia ruhusa ya kumpeleka waifu kliniki

Kusini Kwetu: Wakuu habari za jioni, nipo Mtwara mjini nafanya kazi kwenye ghala la korosho, waifu ana mimba changa na kliniki wamemwambia hudhurio la kwanza aje na mwenza tupime wote, sasa supavaiza anasema hayo mambo ya wanawake. Sheria inasemaje jamani?

Mwana Mikindani: Pole sana mkuu. Sheria ya Ajira ya 2004 inampa baba siku 3 za malipo ila ni mtoto akishazaliwa, tena ndani ya siku 7. Ya kliniki haimo. Uingereza tangu 2014 mwenza anaruhusiwa mara 2, saa 6 na nusu kila mara, japo bila malipo. Hata hiyo sisi ingetufaa.

Mama Shangani: Mdogo wangu omba kwa maandishi wakukatie siku moja kwenye zile 28 za likizo ya mwaka. VVU na kaswende mkipima pamoja mnamkinga mtoto, na dalili za hatari uzisikie mwenyewe, maana damu ikianza kutoka usiku wewe ndo utatafuta bajaji.

Kusini Kwetu: Ahsante dada, kesho napeleka barua.