Tupeane uzoefu: mliosomeshwa kwa hela ya pombe ya kupika, msako uliwakuta wapi?

Mso wa Jana
Wakuu, leo asubuhi nimepita mahali nikakuta mgambo wanamwaga komoni mtaroni. Mapipa mawili, harufu imetufuata mpaka ndani ya daladala. Mama mwenye mali kasimama pembeni, kanga kaifunga kiunoni, hasemi neno, anaangalia tu ndoo zake zisije zikaondoka na wenye nguvu. Tangu nifike kazini sijafanya la maana. Mimi ni mtoto wa mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi. Nimeloweka ulezi, nimeuotesha, nimeuanika na kufukuza kuku kwenye mkeka likizo zangu zote. Waliopitia haya njooni tusimuliane. Wahubiri leo mpumzike.

Mbeta Tupu
Poleni wapishi. Sisi wa ulanzi masika ikianza unachonga chipukizi la mwanzi asubuhi, unachonga tena jioni, mbeta inajaa yenyewe. Hakuna kuni, hakuna pipa, hakuna wa kukukimbiza.

Kibosho Damu
Mbeta Tupu unajisifia kugema? Njoo uchemshe ndizi mbivu, uziache zichachuke siku kadhaa, ukamue, upike uji wa ulezi, upige na gome la msesewe, halafu ukosee kipimo cha msesewe uone wazee watakavyokutazama. Hiyo ndiyo pombe.

Mbeta Tupu
Uji wenye ulevi. Endeleeni.

Dada wa Mgombani
Naandika ndefu, mnivumilie.

Mama alianza na mbege, lakini mbege haingoji mteja. Ikikaa imekuwa kali, watu wanaikunjia uso. Iliyobaki hakuimwaga, aliichoma ikawa gongo. Mtambo ulikuwa chini mgombani karibu na mfereji, maana ule mrija unataka maji baridi muda wote, na moshi wa kuni unapotelea kwenye migomba. Usiku sisi watoto ndio walinzi. Ukiona tochi barabarani unamwita mbwa kwa sauti: Simba! Simba! Hatukuwa na mbwa.

Wiki niliyotakiwa kuripoti kidato cha kwanza wakaja mchana. Mchana hatukuwa tunalinda, nani anachoma gongo mchana? Mama alikuwa anachoma mchana siku ile kwa sababu ada ilikuwa haijatimia. Walikuja askari na mgambo, mbele yao yupo wa kuwaonesha njia, na huyo alikuwa mteja wetu mwenye deni la muda mrefu. Wakabeba pipa, mrija, dumu la lita 20 limejaa, na mama. Tranka langu lilikuwa mlangoni. Askari mmoja akalifungua, akakuta sare, sabuni na daftari, akalifunga bila kusema kitu. Mama alichoniambia ni kwamba makande yako jikoni, niwape wadogo zangu kabla hayajapoa.

Akalala mahabusu. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ananyonya bado, akapelekwa akalala naye kule kule. Sitaki kueleza alivyorudi.

Siku ya kesi nilikwenda na baba mdogo. Wakasoma shitaka: kupatikana na pombe ya moshi, yaani gongo, kinyume cha ile sheria ya mwaka 1966. Hakimu akataka kidhibiti. Likaletwa dumu letu, nililijua kwa kizibo cha gunzi nilichokichonga mwenyewe. Karani akaambiwa afungue anuse. Akanusa. Akainama akanusa tena. Akasema, "Mheshimiwa, hii haina harufu." Nyuma kuna mzee akashindwa kujizuia, akacheka, akatolewa nje. Yalikuwa maji. Tena maji masafi, ya bomba, hata ya mfereji hawakuchota.

Mama aliachiwa siku ile ile. Mtambo hatukuuona tena. Shule niliripoti kwa kuchelewa na nusu ada, na bwana yule wa deni mpaka leo hajalipa.

Shahidi Namba Tatu
Nina swali moja tu. Lile dumu alilinywa nani?

Mso wa Jana
Mimi ndiye nimeanzisha hii, lakini kuanzia sasa ni ya Dada wa Mgombani. Pole sana dada.

Wakili wa Bure
Simulizi tamu, ila nina mashaka nayo. Kidhibiti kinafungwa kwa lakiri na kinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa. Hakimu hawezi kumwambia karani anuse tu. Na kwa faida ya wengine, tusichanganye mambo: mbege, komoni, rubisi, wanzuki, hizo ni pombe za kuchachua, ukitaka kuziuza unatafuta leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Gongo imechomwa mtamboni, ina sheria yake, na ukikutwa nayo tu ni kosa hata kama hujauza kikombe.

Dada wa Mgombani
Kaka yangu Wakili, ile ilikuwa mahakama ya mwanzo, bati lilivuja na karani alikuwa mmoja. Mkemia Mkuu alikuwa Dar es Salaam. Sikulazimishi kuamini.

Shahidi Namba Tatu
Lililetwa limefungwa au limefunguliwa? Nataka kumjua mnywaji.

Jirani wa Mpakani
Jamani watu wa Bongo bado mko hapo? Huku Kenya chang'aa ilipigwa marufuku 1980, ikaja kuruhusiwa 2010 kwa ile sheria tunayoiita ya Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni. Sharti uwe na leseni na uiweke kwenye chupa ya glasi.

Kibosho Damu
Kwa hiyo hamkimbizwi tena?

Jirani wa Mpakani
Tunakimbizwa vilevile. Nani mama wa kijijini atanunua chupa za glasi?

Nesi Mstaafu
Mnacheka, nami nacheka, lakini niseme niliyoyaona wodini. Mtu kanywa jana usiku, asubuhi yuko sawa, jioni analetwa anasema anaona ukungu. Tumbo linamuuma, anahema haraka haraka. Hiyo ni methanoli, pombe yenye sumu. Pombe ya kuchachua nyumbani huwa nayo kidogo sana, haipofushi mtu. Balaa ni yule anayeongezea spiriti ya viwandani ili ichome koo na ajipatie sifa ya kuuza kali. Ukiona dalili hizo usingoje kuche. Kuna dawa, na hospitali nyingine hutumia pombe safi yenyewe kwa kipimo, inauzuia mwili usiigeuze methanoli kuwa sumu.

Mbeta Tupu
Kumbe dawa ya pombe ni pombe. Nilijua.

Nesi Mstaafu
Kwa kipimo, na daktari amesimama hapo. Usinitafutie kesi mwanangu.

Shangazi wa Komoni
Nesi kasema kweli ila kasahau mahindi. Wenzangu wapo wanaopikia mahindi yaliyoota ukungu kwa sababu ni ya bei rahisi. Sumu kuvu haiondoki kwa kuchemsha. Mimi mahindi ambayo sili ugali wake sipikii pombe. Na tangu viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vipigwe marufuku Machi 2017 wateja wangu waliongezeka, basi kila mmoja mtaani akawa mpishi.

Bwana Hamira
Mimi niko Marekani, napika bia ya shayiri jikoni kwangu wala simfichi mtu. Rais Carter alisaini sheria mwaka 1978, nyumba yenye watu wazima wawili inaruhusiwa galoni 200 kwa mwaka bila kodi, hizo ni lita kama 757, mradi usiuze. Ila kuchoma pombe kali kwa mtambo nyumbani, sheria ya shirikisho inakataza huku pia. Uzoefu wangu mbaya ni chupa. Niliziba mapema, sukari haijaisha kuliwa, usiku zikaanza kupasuka moja moja stoo. Jirani akapiga simu polisi akidhani ni risasi. Askari akafika, akatazama, akaomba aonje.

Shahidi Namba Tatu
Huyo ni ndugu yake na yule wa dumu.

Wakili wa Bure
Sawa, kwa hapo nimecheka. Dada wa Mgombani, niwie radhi.

Kijana wa Chumba Kimoja
Samahani wakubwa, nimepanga chumba Mbagala na nataka kujaribu wanzuki ya kunywa mwenyewe, si ya kuuza. Asali ninayo. Nifunge dumu kabisa au niache wazi?

Bwana Hamira
Usifunge kabisa. Weka kizibo chenye mpira mwembamba, ncha ya pili itumbukie kwenye chupa ya maji. Hewa itoke, inzi wasiingie.

Kibosho Damu
Mpira wa nini? Gunzi. Likizidiwa linaruka lenyewe.

Shangazi wa Komoni
Funika na kitambaa safi, achana na hawa wanaume. Na kama choo ni cha pamoja, mgawie mwenye nyumba kikombe cha kwanza kabla harufu haijamfikia.